Noti Zenye Harufu ya Kahawa

Hjulsta, Stockholm
19 Januari 2025

Mama yangu mpendwa, na Dada Dafrosa unayemsomea,

Shikamooni. Sasa hivi Koku amefungua mlango wa roshani, amechota theluji kwa kikombe cha baba yake, ametia sukari, akaja kumpa Nathaniel kwa mikono miwili kama ulivyomfundisha, Mama. Akamwambia, "Baba, uji wako umepoa." Nathaniel ameunywa wote huku meno yanagongana. Ni wiki moja tu tangu waonane kwa mara ya kwanza, na tayari ameshakunywa uji ambao mimi nisingeugusa.

Tumefika salama. Safari ilikuwa ndefu, lakini Koku hakulia ila wakati wa kushuka, masikio yalimuuma. Chumba chetu kiko juu, ghorofa ya sita, kituo cha treni kiko chini tu hapo, ni kituo cha mwisho, kwa hiyo hata ukisinzia hupotei. Baridi ya huku sitaieleza maana mtasema naongeza chumvi.

Mama, uliniambia nikuandikie jinsi fedha zinavyotumika huku, uwasimulie akina mama wa jumuiya. Haya sikiliza. Zile dola za mchango wao nilizibadilisha uwanja wa ndege kama Nathaniel alivyoelekeza, nikapewa noti za huku, mpya, bado zina ukali wa kukata kidole. Tukafika stesheni, Koku akaona maandazi yao yamezungushwa kama ngata, yana mdalasini, akayagandia. Nikatoa noti. Yule mwuzaji akanionyesha karatasi iliyobandikwa pale mbele. Nathaniel akasema, "Hawapokei fedha." Nikasema, "Hawapokei fedha wanapokea nini, kuku?" Mama, watu wa huku wanagusisha simu au kadi kwenye kidude, kinalia ti, wameshalipa. Niliishika noti nzima ya nchi yao wenyewe na wakaikataa. Hata yule mzee anayeuza magazeti mlangoni pa stesheni, amevaa glovu zilizotoboka, naye analipwa kwa simu. Nathaniel akagusisha kadi yake tukapata andazi moja, Koku akaligawa mara tatu, akajipa kubwa.

Noti za Baba, zile alizotoka nazo mafunzoni huku, zimefika salama. Nilizifumua kwenye pindo la gauni siku ileile. Bado zinanukia kahawa ya kutafuna, chumba kizima kilinukia kama kwetu. Nathaniel alizishika, akazigeuza mbele na nyuma, akasema ni vizuri tuzitunze.

Wasalimie wote. Mwambie jirani yetu Ta Evodius nimeliona lile koti lake linanitosha vizuri, Mungu ambariki.

Mwanao,
Brigitha

(Karatasi ya pili. Dada, hii usiisome kwa sauti. Isome ukiwa jikoni peke yako.)

Dada, noti za Baba zimekufa.

Tulikwenda mjini wanakobadilishia fedha. Msichana wa nyuma ya kioo akaigeuza ile ya mfalme mwenye nywele ndefu, akamwita mzee mmoja wa mle ndani. Yule mzee akainusa, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ujana wake. Akasema zilifutwa mwaka 2017. Wametoa nyingine, hizi hakuna duka wala benki ya kawaida itakayozigusa. Dada, hata hawakuwa wakali. Angenifokea ningejua la kufanya.

Iko ofisi moja inayopokea noti zilizokufa, lakini wanataka kujua zilitoka wapi, na fedha wanaingiza kwenye akaunti ya benki. Vyeti vya mafunzo ya Baba unajua mchwa waliviacha vikiwa vumbi. Mimi akaunti sina. Nathaniel anayo, lakini ana madeni, Dada, kila kinachoingia wadai wanakikata kabla hajakiona. Nauli zetu ndizo zilizomfikisha hapo. Kazi ya usafi wamempunguzia, sasa anaitwa kwa simu pale tu mwenzake akiugua.

Tulipotoka nje tulisimama kwenye theluji. Akasema, "Nilijua unakuja na akiba ya Mzee." Nikasema, "Nilijua wewe unazo." Basi. Koku alikuwa katikati ameshika mikono yetu, anabembea.

Tiketi ya kurudi ni ya Aprili na haibadilishiki. Sijui tutakula nini mpaka huko. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni Mama. Utamwambiaje? Nitamwambiaje?

B.


Kamachumu
27 Januari 2025

Brigitha mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni Dafrosa, anayesema ni mimi, na nimemwambia asipunguze neno. Barua yako amenisomea mara tatu. Mara ya tatu alipofika penye noti akaanza kukohoa, nikamwambia anywe maji aendelee.

Kwa hiyo huko mtu ana fedha mkononi na mtoto analia njaa mbele ya maandazi! Nimewaambia akina mama, wamecheka mpaka Ma Truphosa akashika ukuta. Lakini za baba yako ni tofauti. Hizo alizipata kwa jasho huko huko, mafunzoni, akila mkate mkavu ili aziweke. Aliniambia, "Shilingi yetu inayeyuka, hizi haziyeyuki. Ni za siku ambayo mtoto wa nyumba hii atakanyaga kule. Zisiguswe." Nikaziweka kwenye kopo la kahawa ya kutafuna ili wadudu wasiziingie. Sikuzigusa alipokufa. Sikuzigusa mvua ya mawe ilipokula migomba yote.

Na sasa naomba nilitamke, kwa kuwa uko mbali na sikuoni uso. Kaka yako Isak alipolala hospitalini, wakasema tumpeleke Mwanza, nilirudi nyumbani nikalishika lile kopo. Ulikuwa mlangoni, uliniona. Nililishika, nikalirudisha. Nilisema moyoni, kijana ana nguvu, atapona, na neno la marehemu halivunjwi. Akafa siku ya tatu. Hatujawahi kulisema mimi na wewe, na miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza kama nilimuua mwanangu kwa kopo.

Sasa nimepata jibu. Koku anakula kwa fedha zile. Anakula kwa babu yake na kwa mjomba wake. Basi Isak hakwenda bure. Nalala, Brigitha. Nilikuwa nimesahau usingizi unavyokuwa.

Usiwe bahili. Mnunulie mtoto viatu vya theluji. Kila siku mpe kitu cha kutafuna kwa fedha ya babu yake, na umwambie ni ya babu. Kila unachonunua niandikie, nataka kukiona. Nusu ya bunda iliyobaki ninayo hapa koponi, mkiishiwa semeni.

Mama yako,
Ma Mashauri

(Haya ni yangu mimi Dafrosa. Amekwenda kuota jua. Sijamwambia, na wewe usimwambie. Umesikia alivyosema la Isak? Niliandika neno kwa neno bila kumtazama. Jana alikula sahani nzima ya ndizi na akaomba nyingine. Andika alivyoomba. Andika viatu. Uongo wa namna hii Mungu anauangalia kwa jicho lingine.)


Hjulsta
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Viatu vimepatikana. Ni vya bluu, ndani vina manyoya kama ya mwana-kondoo, vinafika hapa chini ya goti. Koku amekataa kuvivua, amelala navyo. Nimemwambia, "Ni vya babu Mashauri," akauliza, "Babu ana miguu midogo?"

Tumenunua pia maziwa, kofia, na zile soseji za huku ambazo Koku anaziita vidole. Lile andazi la mdalasini analijua jina lake kwa lugha yao, analiita bulle, kila tukipita stesheni anasimama hapo, "Mama, bulle," na ninamnunulia, Mama. Kila siku. Anakula mpaka sukari inafika kwenye nyusi.

Nathaniel anakusalimu sana. Anasema akiba ya Mzee imetuokoa.

Lala vizuri. Kula.

Mwanao,
Brigitha

(Ya kwako peke yako, Dada.)

Viatu vilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha chini ya jengo. Watu huacha pale vitu wasivyovitaka. Mguu mmoja zipu imekufa, nimeishona na uzi mweusi. Kofia hivyohivyo.

Maziwa ni ya Maryanne. Huyu ni Mkenya, nesi wa wazee, anakaa Rissne, tulikutana naye kwenye ibada ya Kiswahili. Aliona kichwa cha Koku nilivyokisuka, akanivuta pembeni, "Wewe mrembo, nani amesuka huyu mtoto? Ni wewe? Sasa mbona unakaa na njaa na mikono kama hiyo? Kuja kwangu Jumamosi." Sasa Jumamosi na Jumapili nasuka jikoni kwake. Tunasema ni kusaidiana. Lakini wanaosukwa wanalipa kwa simu, na simu ya kulipia inataka uwe na namba ya utambulisho ya wakazi wa huku na akaunti. Kwa hiyo wanamtumia Maryanne, na Maryanne ananinunulia unga, maziwa, mafuta. Fedha yangu mwenyewe siioni kwa macho. Mume wake, Mwaura, anasema, "Shemeji, huku pesa ni kama Roho Mtakatifu. Inashuka, lakini huioni." Nilicheka, Dada. Nilicheka halafu nikaenda chooni nikalia, nikarudi kumaliza kichwa.

Koku hajala bulle hata moja tangu ile ya kwanza. Nimebadili njia, tunaingilia mlango wa upande mwingine ili asipite pale.

Zile noti mpya za jumuiya niliendelea kuzipeleka dukani, lile kubwa la chakula wanazipokea. Ziliisha wiki ya pili.

Nathaniel alirudi juzi kwa miguu kutoka Husby, suruali imeganda mpaka magotini. Alisema alitaka kunyoosha miguu. Kadi yake ya treni ilikuwa imekwisha, niliiona. Hatusemi. Tunapeana nafasi ya kudanganyana, ndiyo adabu iliyobaki.

Noti za Baba nimempa Koku achezee duka. Amepanga vijiti na vifuniko vya chupa kwenye zulia, mimi nanunua uji wake wa theluji kwa mfalme mwenye nywele ndefu, ananirudishia chenji ya majani ya chai. Stockholm nzima duka linalozipokea ni hilo moja.

Lakini Aprili itafika, Dada. Nathaniel kaambiwa huenda kuna kazi ya mabasi. Tutatoboa.

B.


Kamachumu
20 Februari 2025

Brigitha mwanangu,

Kaa chini usome. Nina furaha mpaka naogopa.

Jumapili baada ya misa niliisoma barua yako mbele ya watu, yaani Dafrosa aliisoma, mimi nilisimama. Viatu vya bluu, maziwa, kofia, bulle. Wamama wakapiga vigelegele kama harusi. Ta Evodius alikuwepo. Unajua mwanawe Juvénal amepata nafasi ya kusoma huko huko Sweden, anaondoka Machi, na mzee alikuwa anazunguka mpaka Bukoba kutafuta fedha ya huko asiipate. Akaja jioni na fimbo yake. Akasema, "Ma Mashauri, nasikia unayo iliyobaki." Nikasema ninayo. Akasema, "Na kweli inapokelewa?" Nikampa barua yako aisome mwenyewe kwa miwani yake. Akaisoma mpaka chini, akaikunja, akasema, "Brigitha ni mtoto nilimfundisha katekisimu. Akisema imepokelewa, imepokelewa."

Ameuza ng'ombe wake wawili wa maziwa. Nimempa nusu yote ya kopo kwa bei ya kijirani, chini ya bei ya benki, maana jirani ni jirani. Alizinusa akacheka, akasema mwanawe atanukia Kamachumu mpaka darasani.

Na fedha hiyo nimeshaamua. Mimi sina haja nayo. Ninamjengea Isak kaburi. Miaka kumi na moja amelala chini ya udongo na vijiwe tu kama mgeni. Saruji imefika, vigae nimechagua vyeupe, fundi ameanza leo. Na yeye apate sehemu yake kwenye fedha ya baba yake. Nimechelewa, lakini amepata.

Mbusu Koku. Mwambie bibi yake anacheza.

Mama yako,
Ma Mashauri

(Brigitha. Mimi nilikuwa mnadani Muleba siku mbili, nimerudi nimekuta noti zimeondoka na saruji imepangwa ukutani. Nilikwenda kulifunua kopo, tupu. Fundi ameshachanganya, ameshamwaga msingi. Mama anakaa pale kwenye kigoda anamwelekeza.

Juvénal anasafiri tarehe 14. Atafika huko na karatasi, kama wewe, ila yeye hana Nathaniel wala Maryanne. Na mzee hana ng'ombe. Sisi wawili ndio tumemuuzia.

Mimi siwezi kumwambia. Nakula naye, nalala naye nyumba moja, namwona anavyokiangalia kile kigae. Ulianza wewe kuandika kwamba zimefika salama. Andika tena, safari hii ukweli. Nitasoma kila neno kwa sauti, naapa kwa mwanangu, sitakohoa.)


Rissne
2 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Niko jikoni kwa Maryanne, mteja mmoja anakausha nywele. Koku yuko chini ya meza. Sasa hivi amekuja akafungua mkono wangu, akaweka mle bulle ya Maryanne ikiwa nusu, akanifunga vidole, akasema, "Ya babu." Nilimzoesha kusema hivyo kwa kila anachokula, kwa ajili yako. Sasa anasema hata ambapo si kweli. Ndiyo sababu naandika haraka kabla sijarudi nyuma; kwa simu ningekata katikati.

Safari hii hakuna karatasi ya pili. Dada, soma yote.

Mama, noti za Baba hazitumiki. Huku walizifuta mwaka 2017 wakatoa nyingine. Zile nilizokuja nazo sijanunulia hata kibiriti. Viatu vya bluu niliviokota. Maziwa nalipwa kwa kusuka. Bulle nilikudanganya. Nathaniel hana fedha, ana madeni, alidhani mimi ninazo, na mimi nilidhani yeye anazo, na wewe ukadhani tunazo wote. Hakuna aliyekuibia. Baba hakusema uongo, wakati anazikunja zilikuwa fedha kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo, nikijua.

Kwa hiyo, Mama, tafadhali, leo hii kabla hujalala mwite Ta Evodius. Mwambie asimpe Juvénal zile noti. Hata akimpa nzima za leo, huku maduka mengi hayazipokei. Fedha yake aiweke benki apate kadi ya kusafiria nayo, mwalimu wa shule yake atamsaidia. Na akifika aje kwangu Hjulsta, kituo cha mwisho, sina kitu lakini hatalala nje. Mwambie mzee ni mimi niliyemponza, si wewe. Akitaka kunitukana mpe namba ya Nathaniel. Ng'ombe wake nitawarudisha. Nikirudi Aprili nitalima, nitasuka, nitauza senene, sijui miaka mingapi, lakini nitawarudisha. Vigae visivyofunguliwa viuzwe. Vilivyokwisha bandikwa visiguswe, Mama. Nakuomba kwa magoti. Kaburi lisivunjwe.

Nimesimama kidogo. Nimekwenda kumfunga mteja taulo, nimerudi.

Najua unachohesabu sasa. Umeacha kusikiliza habari za ng'ombe. Unahesabu 2017 na ule mwaka wa Isak. Ndiyo, Mama. Mwaka ule zilikuwa bado hai. Nimelificha hilo kuliko yote, nimelala nalo kitanda kimoja na Koku tangu Januari. Nilifikiri nikikuandikia maziwa na kofia utabaki na ule usingizi wako, mpaka siku nyingine. Nikaufanya uwe mzuri zaidi ndipo niuvunje.

Nilikuwa mlangoni siku ile, ni kweli, nilikuona ukiwa na kopo. Wewe unadhani nilikuwa nakuhukumu. Mama, nilikuwa na miaka kumi na tano na nilikuwa naomba moyoni ulirudishe, kwa sababu Baba alisema ni za mtoto atakayekwenda Ulaya na mimi nilitaka niwe mimi. Sijamwambia mtu. Kwa hiyo kama kuna aliyemuua—

Maryanne anaita. "Brigitha! Huyu madam ana treni, kuja umalize hiyo kichwa!" Nimemwambia dakika moja. Koku ameanza kulia, amegonga kichwa kwenye meza. Naandika nimesimama.

Mama, hili moja tu, Dada lisome polepole, mshike mkono ukilisoma. Isak hakufa kwa sababu ya lile kopo. Nimelifikiria sana na nimeliona, si kukufariji, nimeliona kweli. Isak alikufa kwa sababu—